Uyoga wa Manjano kwenye Vyungu vya Thuo

Thuo alidhani kuna mtu amemwaga rangi.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naye amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha nailoni kando ya barabara ya Kapsoya, pale anapouzia miche na maua, mpira wa maji mkononi. Ndani mlikuwa na vyungu ishirini vya mitende ya mapambo ambavyo alikuwa amevilea miezi minne kwa ajili ya harusi moja tu. Jana jioni aliviacha udongo ukiwa mweusi, safi, ameupapasa kwa mkono wake. Sasa udongo ulikuwa umejaa manjano. Si manjano ya jani linalokufa. Ilikuwa manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, tena imesimama kwa miguu: uyoga, kumi hapa, saba pale, mwingine mdogo kama ncha ya kidole, mwingine mpana kama mdomo wa kikombe, wote umevaa kofia zenye vumbi laini kama zimenyunyiziwa unga.

"Haiya," akasema peke yake.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alifika Eldoret akiwa kijana kutoka Nyahururu, akafanya kazi ya bustani kwa watu wengi kabla ya kupata kipande chake, na alishaona uyoga wa kila namna: mweupe unaotoka baada ya ngurumo, wa kahawia unaokaa chini ya misonobari, hata ule mwekundu wenye madoa. Huu hakuwahi kuuona. Alipita akichungulia chungu kimoja kimoja. Kumi na viwili vilikuwa vimeota.

Kilichomtia hofu hakikuwa uyoga wenyewe. Kilikuwa Mama Wasike.

Mama Wasike alikuwa anamwoza binti yake Sylvia Jumamosi hiyo, na alikuwa mtu wa kukagua. Alishakagua mahema, viti, na sauti ya mpiga vyombo. Saa mbili kamili akafika kukagua vyungu, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni kama fundi cherehani. Aliinama kupima mtende wa kwanza, halafu akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mzee Thuo! Hii ni nini?"

"Ni uyoga, Mama."

"Naona ni uyoga. Ni uyoga gani?"

Thuo akajikuna kisogo. "Hiyo sasa ndiyo sijui."

"Hujui." Mama Wasike akaukunja utepe wake taratibu. "Kitu cha rangi kama hiyo ni sumu. Mungu mwenyewe amekipaka rangi ndio tujue. Na mimi nitakuwa na watoto zaidi ya mia pale kanisani, wale wa miaka miwili, miaka mitatu, wanaokula hata chaki. Hapana."

"Naweza kuung'oa saa hii."

"Na ukirudi Jumamosi asubuhi? Si umeota usiku mmoja?" Akautia utepe mkobani. "Ijumaa saa sita nitapita hapa na Sylvia. Kama hutakuwa umejua hii kitu ni nini, na ujue kabisa, si kubahatisha, nitaweka maua ya plastiki."

Akaenda zake. Neno hilo la plastiki lilimchoma Thuo kuliko kama angetukanwa. Aliweka mpira wa maji chini, akachukua kijiko cha bustani, akapiga magoti mbele ya chungu cha kwanza ili aanze kung'oa.

"Wacha! Usiguse!"

Alikuwa Mama Javan, mteja wake wa kila Jumatano. Jina lake hasa ni Awuor. Alikuwa amefanya kazi ya maabara hospitalini kwa miaka thelathini na mmoja, akitazama damu na choo cha watu kwa hadubini, na alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia. Alikuwa mrefu, mwenye miwani ya kamba, na sauti ya mtu aliyezoea kuita majina ya wagonjwa kwenye korido. Alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, macho yakiwa kwenye uyoga.

"Daktari, hii kitu itaniharibia harusi ya watu," Thuo akasema.

"Mimi si daktari, Baba Cate, nimekuambia mara ngapi? Mimi ni wa maabara," Awuor akasema, akimwita kwa jina la binti yake kama kawaida. Lakini alikuwa ameshapita, ameshaweka kikapu chini, ameshapiga magoti kwenye matope na sketi yake nzuri. "Yawa! Angalia vile ni maridadi."

"Mama Wasike anasema ni sumu."

"Ameipima?"

"Ameiona rangi."

"Mtu akija kwangu amekohoa, niliandika kifua kikuu kwa sababu ya kikohozi? Nilichukua makohozi, nikatazama." Aliupindua uyoga mmoja kwa ncha ya kalamu. "Usiung'oe kabla hatujaujua. Ukishaung'oa tutauliza nani?"

Akaanza kumwonyesha, na Thuo akajikuta naye amerudi magotini. Kofia ilikuwa na magamba madogo madogo ya manjano yanayotoka kwa kidole. Ukingo wake ulikuwa na mistari, kama mwavuli uliokunjwa vibaya. Chini ya kofia kulikuwa na mikunjo myembamba, ya manjano hafifu, iliyopangwa kama kurasa za Biblia. Mguu ulikuwa mwembamba juu, mnene chini, na katikati umevaa pete.

"Kila kitu kinaandikwa," Awuor akasema, akatoa daftari kwenye kikapu na kuandika. "Sasa nataka karatasi nyeupe, karatasi nyeusi, na glasi mbili za maji."

Thuo alipata karatasi nyeupe kwenye kitabu chake cha risiti, na nyeusi akaikata kwenye kalenda ya zamani iliyokuwa na mgongo mweusi. Awuor alikata kofia mbili, akalaza moja kwenye kila karatasi, mikunjo ikiangalia chini, halafu akazifunika kwa glasi.

"Uyoga hauna mbegu kama maharagwe," akaeleza. "Mbegu zake ni unga, mdogo hata huwezi kuuona ukipeperuka. Ukiachwa hapa utadondoka wenyewe kwenye karatasi, na tutaona rangi yake. Kuna mmoja mbaya sana, unafanana na huu kwa umbo. Unga wake ni wa kijani. Ukiula utatapika mpaka uone nyota."

"Na huu ukitoa kijani?"

"Basi Mama Wasike ataweka plastiki, na mimi nitamsaidia kubeba."

Ilibidi wasubiri mpaka alasiri. Mvua ikaanza, ikipiga nailoni juu ya vichwa vyao, na hakukuwa na maana ya mtu kwenda nyumbani. Thuo aliwasha jiko la makaa, akachemsha chai ya maziwa, wakakaa kwenye kreti zilizopinduliwa. Akauliza sukuma wiki za Awuor zinaendeleaje, kwa sababu miche ya sukuma ndiyo aliyokuwa akimuuzia kila Jumatano.

Awuor akapuliza chai. "Baba Cate, nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Hakuna mahali pa kupanda tena. Nimepanda shamba lote, nikapanda kwenye ndoo, nikapanda kwenye sufuria iliyotoboka. Tangu mwezi wa tatu nawapa majirani."

"Na bado unanunua?"

"Bado."

Thuo akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo. Mke wake alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita. Awuor alikuwa mjane kwa muda mrefu zaidi ya huo. Mwanawe Javan alifanya kazi Mombasa na kumpigia simu Jumapili. Kisha Thuo akamwongezea chai, akamjazia mpaka ukingoni.

Saa kumi Awuor aliinua glasi ya kwanza. Karatasi nyeupe ilionekana tupu. Thuo akashusha pumzi kwa huzuni, akidhani kazi imeharibika. Awuor akainua glasi ya pili.

Kwenye karatasi nyeusi palikuwa na duara jeupe, lenye mistari mingi mno kutoka katikati hadi ukingoni, safi kama gurudumu la baiskeli lililochorwa kwa chaki kali.

"Nyeupe!" Awuor akapiga kelele, akamshika Thuo mabega akamtikisa. "Ni nyeupe, Baba Cate! Si kijani! Ooh, angalia! Imejichora yenyewe!"

Alikusanya kila kitu, wakaenda kwake hatua mia mbili kutoka hapo, mvua ikiwanyeshea wote wawili. Sebuleni, juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na hadubini ya zamani ambayo wenzake wa maabara walimpa siku ya kumuaga. Tangu siku hiyo hakuwahi kuitumia; ilikaa kama pambo. Aliifuta, akaweka chembe ya ule unga kwenye kioo, akaelekeza kioo cha chini dirishani, akatazama. Kisha akarekebisha kioo kidogo, akatazama tena, na Thuo akashindwa kungoja.

"Ni nini?"

"Njoo uone."

Thuo hakuwahi kutazama kwa hadubini maishani mwake. Kwanza aliona kope zake tu. Awuor akamwelekeza, jicho moja, pole pole, na ghafla ikatokea: mayai. Mayai madogo ya kioo, mamia, kila moja limezungukwa na ganda nene na kuwa na tundu dogo upande mmoja kama la sindano.

"Na haya yalikuwa kwenye chungu changu?"

"Tangu sijui lini."

"Mimi nimeshika udongo miaka arobaini," Thuo akasema, jicho bado likiwa kwenye hadubini, "na hakuna mtu aliniambia kuna vitu kama hivi."

Awuor alipiga picha kupitia kioo cha hadubini kwa simu, akaandika alama zote alizoona, akamtumia Daktari Nanzala. Huyo alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa akifundisha chuo kikuu habari za ukungu unaoharibu mahindi ghalani. Yeye na Awuor walikuwa wamekutana kwenye semina, wakabadilishana namba. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu mezani: "Msiguse kitu. Nakuja kesho asubuhi."

Alikuja kweli, Alhamisi, saa moja, amevaa viatu vya gambuti na kioo cha kukuzia kikining'inia kifuani. Hata hakusalimia vizuri. Alilala kifudifudi juu ya gunia kati ya vyungu na kukaa hapo robo saa, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alipoinuka alikuwa na udongo kidevuni na tabasamu la mtu aliyepata barua nzuri.

"Mama Awuor, umeniachia kazi gani? Umemaliza yote. Magamba, mistari ya ukingo, pete, unga mweupe, tundu kwenye mbegu. Huu ni *Leucocoprinus birnbaumii*."

"Sema tena pole pole," Thuo akaomba.

Akasema tena pole pole, naye Thuo akarudia mpaka akaridhika.

Daktari Nanzala akawaeleza. Ni uyoga wa nchi za joto. Hapa Eldoret, kwenye baridi, haungeota nje kirahisi, lakini ndani ya nailoni kuna joto na unyevu wa kutosha. Akauliza udongo ulitoka wapi. Thuo akakumbuka: alichanganya samadi na magunia mawili ya nyuzi za nazi zilizosagwa, yaliyoletwa na lori kutoka Pwani. "Basi uyoga ulisafiri nayo," akasema Daktari. Uyoga huo hauumizi mmea. Unakula vitu vilivyokwisha kufa kwenye udongo. Ukiushika hauna neno. Ila usiliwe, kwa sababu unasumbua tumbo vibaya. Na hauishi sana: unafunguka asubuhi, na siku ikisonga unaanza kunyauka, halafu mwingine unatoka.

"Na hilo jina, Birnbaumii, maana yake nini?" Thuo akauliza.

"Ni jina la mtu. Karibu miaka mia mbili iliyopita, Ulaya, mji wa Praha, kulikuwa na mtunza bustani akiitwa Birnbaum. Aliuona ukiota ndani ya nyumba ya vioo alimokuwa akilea mimea ya nchi za joto. Msomi aliyeuandika akaupa jina lake."

"La mtunza bustani?"

"La mtunza bustani."

"Si la profesa?"

"Profesa alibaki na jina lake mwenyewe."

Thuo akavua kofia. Akacheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu hata machozi yakamtoka, akawa anamwonyesha Awuor vile vyungu kwa mkono kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. "Mtu kama mimi! Na kibanda chake! Siku moja akaingia na maji yake asubuhi akakuta hivi!"

Awuor alimtazama, naye akacheka kwa sababu Thuo alikuwa anacheka.

Ijumaa saa sita Mama Wasike alifika na Sylvia. Uyoga wa Jumatano ulikuwa umekwisha kunyauka, lakini asubuhi hiyo mwingine ulikuwa umetoka kwenye vyungu vitano. Sylvia alipouona alipiga magoti palepale na suruali yake mpya ya jinzi.

"Wueh! Mum, hukuniambia ni mrembo hivi! Hii ndiyo rangi ya nguo za wapambe wangu kabisa. Aki Mum, hizi lazima ziwe hapo mbele."

"Sylvia, toka hapo chini." Mama Wasike akamgeukia Thuo. "Haya, nimekuja. Umejua?"

"Nimejua," Thuo akasema, akasimama wima, akataja jina lote la Kilatini bila kukwama. Mama Wasike, ambaye hakuwa amejiandaa kwa Kilatini, akauliza imeandikwa wapi.

Awuor, aliyekuwa akingoja kando, akampa daftari. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa humo, tarehe na saa, na duara jeupe likiwa limebandikwa chini ya karatasi ya nailoni. Hakumficha kitu. Alimwambia uyoga huo hauliwi, na mtoto akiula ataumwa tumbo. Alimwambia pia kwamba kuugusa hakuna shida, akauchukua mmoja na kuuweka kwenye kiganja chake.

Mama Wasike alisoma ukurasa wote, kidole kikifuata mistari. Alikuwa mkaguzi, na alimtambua mkaguzi mwenzake. "Umeandika vizuri," akasema hatimaye. "Lakini wale watoto hawatasoma hii daftari. Nani atawazuia?"

"Tuviweke juu, kwenye jukwaa," Awuor akasema.

"Watoto wanapanda jukwaa. Hapana. Mkitaka niviweke, basi wewe mwenyewe uje ukae hapo kando yake, kutoka mwanzo wa ibada mpaka mwisho."

"Nitakaa."

"Na mimi nitakaa naye," Thuo akasema.

Alilisema haraka mno. Sylvia aliinua kichwa, akamtazama Thuo, akamtazama Awuor, akamtazama mama yake, na kutabasamu mpaka masikioni.

Jumamosi mvua ilipumzika. Vyungu vilifika kanisani saa mbili, na katika vyungu sita uyoga ulikuwa umefunguka alfajiri hiyo, manjano hasa, kana kwamba umesikia habari. Sylvia aliviweka mwenyewe kwenye ngazi za jukwaa akiwa bado na rola za nywele kichwani. Kando yavyo vikawekwa viti viwili. Thuo alikuja na koti la suti ambalo alikuwa amelinunua kwa harusi ya binti yake Cate. Awuor alikuja na gauni la bluu na kitambaa cha kichwa kirefu hata waliokaa nyuma yake walilazimika kujipinda.

Watoto walikuja, kama Mama Wasike alivyosema. Awuor hakuwafukuza. Aliwapanga mstari, akawashikia kioo cha kukuzia ambacho Daktari Nanzala alikuwa amemwachia, kila mmoja akatazama kwa zamu huku mikono yake ikiwa mgongoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na walishika sheria kuliko watu wazima. Mstari ukawa mrefu hata shangazi wawili wa bwana harusi wakajipanga nao.

Maharusi walipokwisha kuapa na vigelegele kutulia, Mama Wasike akaanza kuleta wageni. Alileta wazee wa kanisa, akaleta majirani kutoka Moiben, akaleta mpishi. "Huu unaitwa Lukokoprinasi," akawaambia kwa fahari, "umetoka Pwani. Hauliwi. Mimi ndiye niliyesema uchunguzwe." Thuo alitaka kusahihisha, Awuor akamgusa goti anyamaze.

Ilipofika saa nane uyoga ulianza kulegea, kofia moja baada ya nyingine zikiinama, na watu wakahamia kwenye mahema kula. Viti viwili vilibaki pale mbele ya jukwaa tupu.

"Kazi yetu imekwisha," Awuor akasema.

"Imekwisha." Thuo hakuinuka. "Jumapili ya kesho... hapana, Jumapili ya wiki ijayo, naenda Moi's Bridge kwa Cate. Wana shamba zuri. Nilikuwa nafikiria, kama huna kazi, twende."

"Nitaenda kama nani, Baba Cate? Kama mtu wa maabara?"

"Kama Awuor."

Hakuwahi kumwita hivyo. Awuor alirekebisha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Nje muziki ulikuwa umeanza, na mshereheshaji alikuwa akiita kwenye kipaza sauti, akitaka walinzi wa uyoga wafike mbele wacheze na maharusi, kwa amri ya mama wa bibi harusi.

"Uniambie tutatoka saa ngapi," Awuor akasema, akanyoosha mkono ili amsaidie kuinuka.

Walicheza nyimbo tano mfululizo. Thuo hakujua kucheza, lakini alijua kukanyaga udongo, na hiyo ilitosha.

Jumapili hiyo ya Moi's Bridge, Cate alikuwa jikoni akisonga ugali aliposikia kicheko cha baba yake kutoka barabarani, kabla hajawaona. Alikuwa hajakisikia kicheko hicho miaka mitano. Alisimama na mwiko mkononi akisikiliza, kisha akamwambia mumewe alete kiti kingine, kile kizuri, na yeye akaongeza unga kwenye sufuria.